Mhariri, njia yenu ya mkato imeishia nusu

Ndugu Mhariri, salaam.

Kwenye ule ukurasa wenu wa kuwaandaa vijana wa kidato cha nne mmetoa swali la inikwaliti, yaani zile hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko, alafu chini yake mkaweka kisanduku kimeandikwa njia ya mkato. Swali lilikuwa tatua 5 - 2x < 11. Kisanduku kikasema ondoa ile alama ya ndogo kuliko uweke ya sawasawa, tatua kama mlinganyo wa kawaida, ukishapata x rudisha alama yako palepale ulipoitoa. Kwahiyo 5 - 2x = 11, x = -3, rudisha alama, x < -3, swali limeisha. Na mkamalizia kwamba mtahiniwa akiwa hana uhakika ayachukue majibu aliyopewa ayajaribu moja moja mpaka apate linalokubali.

Sasa jibu hilo sio sahihi, jibu ni x > -3, na hiyo mtu anaweza kuihakiki amesimama kwenye daladala bila kalamu. Chukua sifuri uweke mahali pa x. Mbili mara sifuri ni sifuri, 5 toa sifuri ni 5, na 5 ni ndogo kuliko 11, kwahiyo sifuri imekubali na lazima iwepo ndani ya jibu. Je sifuri ni ndogo kuliko -3? Hapana. Tayari jibu lenu limeanguka. Chukua na -4 ambayo kwa jibu lenu ipo ndani, 5 toa -8 inakuwa 13, na 13 haijawahi kuwa ndogo kuliko 11.

Mhariri sikuandikii kuwazodoa, jibu lenyewe mnaweza kulirekebisha kwa mistari miwili tu. Kinachonisumbua mimi ninayefundisha hesabu sekondari ya kata huku Kilosa ni kwamba hiyo njia imekatwa katikati alafu ikatolewa kama vile ni nzima, na vijana wanaiamini kwasababu imeandikwa gazetini. Mwanzo wake ni mzuri tu. Kuweka alama ya sawasawa na kutatua kunakupa mpaka, na mpaka hapa kweli ni -3, hapo hamna ubishi. Lakini mpaka una pande mbili, kulia na kushoto, na ile alama uliyoanza nayo haikwambii uchukue upande upi maana katikati ya kutatua unaweza kuwa umegawanya kwa namba hasi hata hujashtuka. Anayekwambia upande ni namba uliyoijaribu. Kwahiyo njia nzima ni hivi, tafuta mpaka, jaribu namba moja ambayo sio mpaka wenyewe, ikikubali chukua upande iliko, ikikataa chukua upande wa pili. Na hiyo namba ya kujaribia isiwe ya mbwembwe, sifuri inatosha kwa maswali mengi kwasababu chochote ukikizidisha kwa sifuri kinapotea unabaki na hesabu ya darasa la pili. Kama sifuri ndo mpaka wenyewe basi tumia 1.

Hiyo sehemu ya kujaribu ndo mmeiacha nje ya kisanduku, na ndo yenye maksi.

Hayo mambo ya kujaribu majibu uliyopewa nahisi yametoka kwenye video za mtihani wa SAT wa Marekani, na kule yana maana kabisa. SAT ya saivi inafanywa kwenye kompyuta, hesabu ni maswali 44 ndani ya dakika 70, mengi yana majibu manne ya kuchagua, kalkuleta ya Desmos inayochora grafu imo ndani ya programu yenyewe na ukikosea hawakupunguzii maksi. Kwa mtihani wa namna hiyo mtu mjanja anachukua jibu la kwanza analitumbukiza kwenye swali, likikataa anahamia la pili, au anaichapa inikwaliti yote kwenye Desmos anaangalia eneo lililopakwa rangi anaondoka zake. Kijana wetu anayeomba chuo Marekani ajifunze hivyo na asione aibu, ingawa hata hukohuko kuna maswali kama robo hivi ambayo hayana machaguo, unaandika jibu mwenyewe.

Pepa yetu ya Basic Mathematics, ile namba 041, iko tofauti. Ni maswali 14 kwa masaa 3, sehemu A ina maswali kumi ya maksi 6 kila moja, sehemu B manne ya maksi 10 kila moja, na yote ni lazima. Hamna jibu la kuchagua hata moja. Kalkuleta hairuhusiwi, unaingia na penseli na rula, na vile vijedwali vya Baraza la Mitihani. Na pale mbele imeandikwa kabisa kwamba kazi yote ionyeshwe wazi. Wenzetu Kenya kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wanaruhusiwa kalkuleta isiyo ya programu lakini nao pepa yao ya hesabu sio ya kuchagua, wanatakiwa waonyeshe kazi vilevile. Sasa mtoto ametoka darasa la saba amezoea kuchagua herufi na kupaka kivuli, anafika fomu foo gazeti linamwambia jaribu majibu uliyopewa. Majibu gani? Kwenye hii pepa hajapewa na mtu.

Turudi kwenye namba hasi. Kila mtoto wa fomu wani ameshaandika kwenye daftari kwamba ukizidisha au ukigawanya pande zote kwa namba hasi alama inageuka, na wengi ukiwaamsha saa nane usiku wanakutajia bila kukosea neno. Kutaja na kujua kwanini ni vitu viwili. Mimi huwa naanzia kwenye madeni. Mwenye elfu tano mfukoni amemzidi mwenye elfu mbili, hilo liko wazi, 5 ni kubwa kuliko 2. Wageuze wote wawili wawe wadaiwa wa viwango vilevile, sasa anayedaiwa elfu mbili ndo mwenye nafuu, kwahiyo -2 ni kubwa kuliko -5. Hamna aliyepewa wala kunyang'anywa kitu, hasi imeingia tu na foleni imepinduka. Mtoto akishaliona hilo ile kanuni haimpotei tena.

Tatizo jingine tumelileta sisi walimu wenyewe tangu msingi, na hapa nasema wazi hata kama wenzangu watanuna. Tumewafundisha kwamba namba ikivuka daraja inabadili alama, yaani +4 ikihama upande inakuwa -4. Sawa, kwa mlinganyo inafanya kazi na inaokoa muda. Mtoto akifika kwenye inikwaliti anazo kanuni mbili kichwani zote zinasema alama inabadilika, moja inahusu kujumlisha na kutoa, nyingine inahusu ule mdomo wa kubwa kuliko, na anazichanganya zote kwenye sufuria moja. Mpe x + 4 > 1. Anavusha 4 inakuwa -4, vizuri, alafu kwakuwa kuna kitu kimebadilika anageuza na mdomo, anaandika x < -3. Jibu ni x > -3, hamna mtu aliyegawanya kwa hasi hapo, umetoa 4 pande zote tu na kutoa hakupindui foleni. Mpe tena 2x > -6. Anaiona ile hasi imekaa pale kwenye 6 anashtuka anageuza, x < -3. Wapi! Unagawanya kwa 2, na 2 ni chanya, hasi ya kwenye 6 haihusiki. Jibu ni x > -3 tena. Na yote haya mawili sifuri inayakamata ndani ya sekunde tano, 0 + 4 ni 4 na 4 imezidi 1, sifuri ikizidishwa kwa 2 ni sifuri na sifuri imezidi -6, sifuri imo, kwahiyo jibu lolote ambalo halina sifuri ndani yake ni la kufuta.

Kwa mtoto ambaye hii kanuni ya kugeuza inamtesa nina ushauri ambao nashangaa kwanini vitabu vingi vinaupita haraka. Usigawanye kwa hasi kabisa. Hamishia x upande ambao itakuwa chanya. Swali lenu lilelile 5 - 2x < 11, hamisha 2x iende kulia, leta 11 kushoto, unapata 5 - 11 < 2x, yaani -6 < 2x, gawanya kwa 2 unapata -3 < x. Alama haijageuka popote kwasababu hamna hasi uliyogawanyia. Kinachobaki ni kusoma kuanzia kwa x, x ni kubwa kuliko -3, na hapo kuna mtego mdogo, mtoto akiigeuza sentensi ili x ianze lazima mdomo ubaki unaangalia palepale ulipokuwa unaangalia, upande wenye uwazi uendelee kumtazama x. Wengine wananakili tu kushoto kwenda kulia, x < -3, wakati kazi yote ilikuwa imeshakamilika vizuri. Inauma kusahihisha kitu kama hicho.

Zile za pande tatu zinataka utulivu kidogo. Mfano -1 ≤ 3 - 2x < 9, na wanataka namba kamili zote zinazokubali. Chochote unachofanya kifanye sehemu zote tatu kwa pamoja. Toa 3 kote, -4 ≤ -2x < 6. Gawanya kwa -2 kote, na midomo yote miwili inageuka sio mmoja, 2 ≥ x > -3. Iandike upya kutoka ndogo kwenda kubwa, -3 < x ≤ 2, na namba kamili ni -2, -1, 0, 1, 2. Ninachokutana nacho kila mwaka ni mtoto amegeuza mdomo mmoja akausahau wa pili anaandika 2 ≥ x < -3, haoni kwamba hiyo sentensi imeacha kuelezea vitu vilivyo katikati ya namba mbili. Midomo ikishaangalia pande tofauti kwenye mstari mmoja ujue kuna mahali umeteleza, rudi juu. Alafu jaribu ncha, 2 inakuwa 3 - 4 ambayo ni -1 na alama ina kistari cha sawasawa chini, inakubali, kwahiyo kwenye mstari wa namba unaweka duara lililojazwa. -3 inakuwa 3 + 6 ambayo ni 9, na 9 sio ndogo kuliko 9, inakataa, duara wazi. Maksi nyingine zinapotea kwenye kujaza duara tu.

Za sehemu, yaani zenye kiasi juu na asili chini, humo sasa ndo makaburi. Chukua (x - 1)/2 - (2x + 1)/3 ≥ 1. KDS ya 2 na 3, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ni 6, zidisha kila kitu kwa 6. Kosa la kwanza linatokea hapahapa, mtoto anazidisha upande wa kushoto, ile 1 ya kulia anaiacha kama ilivyo eti kwasababu haina asili. Inatakiwa iwe 6. Kwahiyo 3(x - 1) - 2(2x + 1) ≥ 6. Kosa la pili kwenye kufungua mabano, ile toa iliyopo mbele ya 2 inaingia kwa vyote vilivyo ndani, 3x - 3 - 4x - 2, sio 3x - 3 - 4x + 2. Unapata -x - 5 ≥ 6, yaani -x ≥ 11, na x ≤ -11. Hapa mpaka ni -11 na ukiujaribu unaona kama mabano uliyafungua vizuri, kwasababu -12 kwa 2 ni -6, na -21 kwa 3 ni -7, -6 toa -7 ni 1, sawasawa kabisa na kulia. Ikikataa kuwa sawasawa hata usihangaike na upande, mpaka wenyewe umekosewa. Ikikubali tupa sifuri, hasi nusu toa theluthi haifiki 1, sifuri imekataa, na kweli sifuri haipo kwenye x ≤ -11. Umemaliza.

Najua mtu atasema muda hautoshi. Masaa 3 ni dakika 180 kwa maksi 100, kwahiyo swali la maksi 6 lina karibu dakika 11 zake, na kujaribu sifuri hakufiki hata nusu dakika. Kinachokula muda ni kufuta na kuanza upya. Na tukumbuke D inaanzia 30, maksi 6 kwa mtoto anayepambana kutoka F ni moja ya tano ya safari yote.

Sasa nije kwenye linia programingi, ambayo mara nyingi inakaa sehemu B na ambayo kwenye ukurasa wenu sijaiona hata siku moja, wakati ndo inikwaliti zenyewe zimekaa pamoja. Nitatoa mfano wangu. Fundi seremala anatengeneza stuli na meza. Stuli moja inachukua masaa 2 na mbao 1, meza moja masaa 4 na mbao 3. Kwa wiki ana masaa yasiyozidi 40 na mbao zisizozidi 24, na kuna mteja wake wa kudumu kwahiyo meza zisipungue 2. Faida ya stuli ni shilingi 5,000 na ya meza 12,000. Atengeneze ngapi ngapi apate faida kubwa kabisa?

Tuite stuli x na meza y. Masaa yanatupa 2x + 4y ≤ 40, mbao zinatupa x + 3y ≤ 24, mteja anatupa y ≥ 2, na kuna x ≥ 0 ambayo watoto wanaisahau kwasababu hamna sentensi iliyoitaja, lakini hamna fundi anayetengeneza stuli hasi nne. Ugumu wa kwanza sio hesabu, ni lugha. Msingi alisoma hisabati kwa Kiswahili, sekondari swali limekuja kwa Kiingereza, na yale maneno ya isizidi na isipungue kwa Kiingereza yanafanana sana machoni mwake. Akiyabadilisha anaandika y ≤ 2. Angalia kinachotokea, grafu yake inachorwa vizuri, mistari imenyooka, kona zinasomeka, na anapata faida kubwa kwenye stuli 16 na meza 2, shilingi 104,000. Kila kitu kinaonekana kizuri na jibu sio lenyewe. Nawaambia wanafunzi wangu kabla hujachora, chukua namba ya kawaida kwenye hadithi yenyewe, mfano meza 5, mteja atalalamika? Hapana, ametaka zisipungue 2. Basi 5 lazima ikubali kwenye inikwaliti yako. Je 5 ≤ 2? Imekataa, umeandika kinyume.

Kuchora ni kutafuta mpaka na kujaribu, palepale tulipoanzia ila sasa mpaka ni mstari. 2x + 4y = 40 inakata mhimili wa x kwenye 20 na wa y kwenye 10. x + 3y = 24 inakata kwenye 24 na 8. Mstari wa alama yenye sawasawa unachorwa mzima, usio na sawasawa unachorwa wa nukta nukta. Kujua upande tumbukiza (0, 0), sifuri ni ndogo kuliko 40, kwahiyo upande wenye kitovu ndo unaokubali. Mstari ukipita kwenye kitovu chenyewe, kama y = 2x, hapo (0, 0) haikusaidii, tumia (1, 0). Na kuhusu kivuli kila shule ina mila yake, wengine wanapaka eneo wanalolitaka wengine wanapaka wasilolitaka, mimi nafundisha kupaka lisilotakiwa kwasababu ukipaka linalotakiwa mara tatu grafu inakuwa giza hata mwenyewe husomi kona. Vyovyote utakavyopaka andika pembeni eneo la jibu ni lipi, msahihishaji asibahatishe.

Kona zinazobaki ni (0, 2), (16, 2), (12, 4) na (0, 8). Weka faida kwenye kila moja, 24,000, alafu 104,000, alafu 60,000 jumlisha 48,000 ni 108,000, alafu 96,000. Kwahiyo stuli 12 na meza 4. Kona ya (12, 4) watoto wengi wanaisoma kwa macho kwenye grafu na penseli ikiwa butu wanasoma 11 na 4 au 12 na 5, wakati kuipata kwa mahesabu ni mistari miwili, gawanya ule wa masaa kwa 2 unapata x + 2y = 20, toa kwenye x + 3y = 24, y ni 4, x ni 12. Fanyeni vyote viwili, macho na hesabu.

Wapo wanafunzi wanaoniuliza hii kitu inasaidia nini maishani, na kwa bahati nzuri hili swali lina jibu. Mrusi mmoja, Leonid Kantorovich, aliianza akijaribu kusaidia kiwanda cha plaiwudi kupanga kazi za mashine zake, akachapisha kazi yake mwaka 1939, na 1975 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Yaani seremala wa kwenye swali langu hayuko mbali na chanzo.

Ninachowaomba Mhariri ni kitu kidogo. Ukurasa huo msiufute, huku kwetu wapo watoto ambao hiyo ndo tuisheni yao pekee. Ila kila jibu la inikwaliti mnalochapa liwe na mstari mmoja chini yake unaoonyesha namba iliyojaribiwa, na mara mojamoja mchape jibu la kukosea na mwonyeshe limekosea mstari wa ngapi. Baraza la Mitihani lenyewe linafanya hivyo, linatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zipo kwenye tovuti yao bure, zina picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mikono ya watahiniwa wenyewe, na walimu wengi nawaona wanahangaika kununua pepa za nyuma mitaani wakati hizo taarifa hawajazifungua. Mkichukua ukurasa mmoja wa humo mkaueleza kwa Kiswahili cha kawaida mtakuwa mmefanya kazi kuliko visanduku kumi vya njia ya mkato.

Na kwa kijana anayesoma barua hii na Novemba anaingia chumba cha mtihani, linia programingi ikikubana usiiruke nyeupe. Andika x ni nini na y ni nini, andika inikwaliti zote pamoja na zile za x na y kutokuwa hasi, andika na mlinganyo wa faida. Hapo hujagusa rula na tayari una kitu cha kusahihishwa. Alafu kama umebakiwa na dakika kumi chora, mistari ya skeli kubwa, sentimita 1 iwe uniti 2 inatosha kwa namba za kwenye ishirini ishirini, na zile kona ziandike kwenye jedwali dogo pembeni ya grafu, usizitupe huku na kule.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu,
Kilosa, Morogoro